Kuzima Arifa za Masasisho kwenye Kompyuta

Arifa ya sasisho ni kisanduku kinachojitokeza kwenye skrini, mara nyingi pembe ya chini kulia, kumjulisha mtumiaji kwamba programu fulani ina toleo jipya, au kwamba toleo hilo limeshapakuliwa na linasubiri kompyuta iwashwe upya. Wanaokerwa na visanduku hivi huvihesabu kuwa kero moja, na wanaotafuta dawa hutafuta swichi moja ya kuvizima vyote. Swichi hiyo haipo, na hata ingekuwapo isingefaa kuguswa, kwa sababu pembe ileile ya skrini hubeba makundi manne ya arifa: za mtengenezaji anayeziba tundu la usalama, za mtengenezaji huyohuyo anayetaka mtumiaji ahamie mfumo mpya, za muuzaji wa programu iliyokuja na kompyuta bila kuombwa, na za tapeli. Kila kundi lina jibu lake.

Uzito wa jambo hili hutegemea mahali kompyuta ilipo. Nangurukuru ni njiapanda katika wilaya ya Kilwa, Tanzania, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, ambapo barabara za kwenda Kilwa Masoko na Liwale huachana na barabara kuu ya Lindi na Mtwara. Katika miji midogo ya namna hii, kompyuta inayohudumia watu wengi kuliko zote ni ya steshenari. Huko ndiko kijana aliyemaliza kidato cha sita anakojaziwa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mwalimu anakotuma maombi kwa Sekretarieti ya Ajira, na mfanyabiashara anakoombewa namba ya mlipakodi na kutolewa control namba ya malipo ya serikali. Kompyuta nyingi za aina hiyo hazina intaneti ya kulipia kwa mwezi. Hutegemea hotspoti ya simu, na bando la simu huhesabiwa kwa megabaiti na kwa muda.

Sasisho moja la kila mwezi la Windows linaweza kuwa na mamia ya megabaiti, na kwa matoleo ya karibuni ya Windows 11 huvuka gigabaiti moja. Mfumo mzima mpya ni gigabaiti 4 au zaidi. Kwenye ofisi iliyounganishwa na mkongo, kiasi hicho hupita bila mtu kujua. Kwa anayeendesha kazi kwa bando la siku, hilo ndilo bando lote, nalo huisha kimyakimya mteja akiwa katikati ya fomu ambayo leo ni siku yake ya mwisho. Ndiyo maana malalamiko yanayosikika kama ya kisanduku kwenye skrini kwa kweli ni ya upakuaji uliokitangulia. Anayezima arifa peke yake amenyamazisha taarifa na kuiacha gharama palepale.

Kusasisha kuna hatua tatu: kupakua, kusakinisha na kuwasha upya. Kupakua hula bando, kusakinisha hupunguza kasi ya mashine, na kuwasha upya hukatisha kazi. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha kwenye kompyuta ya mezani isiyo na yu-pi-esi, mfumo waweza kushindwa kuwaka. Kila hatua ina mpangilio wake, na anayetaka utulivu huanza kwa kujiuliza ni hatua ipi inayomuumiza.

Arifa hizi zilianza kwa sababu nzuri. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani. Afrika Mashariki ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku Marekani inapokuwa katika saa zake za majira ya baridi. Mashine ya dukani wakati huo huwa imezimwa au iko karibu kuzimwa, kwa hiyo mzigo huiangukia inapowashwa asubuhi ya Jumatano, saa ambazo wateja wanaanza kuingia. Mwenye duka akiijua ratiba hiyo, tayari amepata nusu ya utatuzi.

Mwaka huohuo wa 2003 ulionyesha kwa nini kungoja mtumiaji akumbuke mwenyewe hakutoshi. Microsoft ilitoa kiraka Julai 16. Kirusi cha Blaster kikaanza kuenea Agosti 11 kupitia tundu lilelile, kikiangusha mashine ambazo wenyewe hawakuwa wamejihangaisha kukiweka kiraka hicho. Service Pack 2 ya Windows XP, iliyotoka Agosti 2004, ikawa ya kwanza kumsukuma kila mtumiaji akubali masasisho ya moja kwa moja. Kwa Afrika Mashariki, funzo zito zaidi lilikuwa la Conficker. Kiraka chake kilitolewa Oktoba 23, 2008, na kirusi kikaonekana Novemba. Matoleo yake ya baadaye yalipita si kwenye mtandao tu bali pia kwenye flashi, yakitumia tabia ya Windows ya kufungua yenyewe kilichomo mara flashi inapochomekwa. Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za watu wa kila aina kutwa nzima: ripoti za shule, barua za kijiji, picha za harusi. Februari 2011 Microsoft ilisambaza kwa njia ya masasisho ya kawaida badiliko lililozizuia XP na Vista kuendesha zenyewe kilichomo kwenye flashi. Aliyekuwa ameyafunga masasisho kwa hofu ya bando alibaki na mlango ule wazi.

Uaminifu uliojengwa hivyo ulivunjwa na waliouanzisha. Windows 10 ilipotoka Julai 29, 2015, Microsoft iliitoa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na ikatumia njia ya masasisho kuingiza programu iliyokaa pembeni mwa skrini ikimhimiza mtumiaji kuhama. Mafaili yenye gigabaiti kadhaa yalipakuliwa kwenye mashine za watu ambao hawakuwa wamekubali. Mei 2016 alama nyekundu ya kufunga kisanduku, ambayo kwa miaka yote maana yake ilikuwa kukataa, ikachukuliwa kuwa ni kuikubali tarehe iliyopangwa. Katika hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wanaopambana na ujangili walikuta kompyuta yao ikivuta Windows 10 kwa intaneti ya setilaiti yenye gharama kubwa. Desemba 2016 mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba kampuni ilikuwa imevuka mpaka. Madhara yaliyobaki ni makubwa kuliko bando lililopotea: watu wengi walijifunza kwamba kisanduku cha sasisho ni ombi la mwenye biashara, na wakayafunga masasisho yote pamoja na viraka vya usalama.

Windows 10 nayo imefikia zamu ya kuhamwa. Huduma yake ya kawaida iliisha Oktoba 14, 2025, na mashine zake zikawa zinaonyesha matangazo, mengine ya skrini nzima, yanayomtaka mtumiaji ahamie Windows 11. Hapa ndipo kompyuta za mtumba zinapobanwa. Mashine nyingi zinazouzwa nchini ni za ofisi za nje zilizostaafishwa, kama ThinkPad, EliteBook na Latitude, na zilizo na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane karibu zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Mfumo huo unadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kumwambia mwenye mashine ya namna hiyo kila siku kwamba mfumo wake umepitwa ni kumuudhi kwa jambo ambalo hawezi kulitekeleza bila kununua kompyuta nyingine. Njia anayoiweza ni kujiunga na mpango wa viraka vya ziada unaofika Oktoba 13, 2026. Unapatikana kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe huko. Watumiaji wa Eneo la Uchumi la Ulaya walipewa masharti nafuu zaidi, tofauti ambayo mtumiaji wa Afrika ana haki ya kuiona si ya haki. Hata hivyo mpango huo ni bora kuliko kuzima arifa na kuendelea na mfumo usiotiwa viraka.

Kundi la tatu ni la programu ndogo. Java iliwahi kuwa na sifa mbaya kuliko zote, kwani kwa miaka mingi kila sasisho lake lilijaribu kuingiza utepe wa utafutaji wa Ask kwenye kivinjari kwa kisanduku kilichotiwa tiki tayari. Programu za kukinga virusi za majaribio zinazokuja na mashine mpya nazo hudai malipo kila siku baada ya muda wa bure kwisha. Hapa hukumu ni nyepesi: programu isiyotumika iondolewe kabisa. Windows ina Defender yake, nayo hujiwasha baada ya ile ya majaribio kutolewa. Kompyuta ambayo haina kazi inayohitaji Java haina sababu ya kuwa nayo. Adobe Flash iliyoachwa kwenye mashine za zamani haina tena sasisho la kweli, kwa kuwa ilikomeshwa Desemba 31, 2020. Kisanduku chochote kinachotaka Flash isasishwe leo ni cha tapeli.

Tapeli ndiye wa kuchunguzwa zaidi, maana sehemu kubwa ya visanduku vinavyosumbua kwenye kompyuta za watu wengi haitoki kwa mtengenezaji yeyote. Mtumiaji huingia kwenye tovuti ya filamu, nyimbo au mpira, tovuti inamwomba abonyeze kitufe cha kuruhusu ili aendelee, naye hubonyeza. Alichoruhusu ni arifa. Kuanzia hapo tovuti hiyo ina uwezo wa kutuma visanduku kwenye pembe ya skrini hata ukurasa wake ukiwa umefungwa: kwamba kompyuta ina virusi vitano, kwamba ulinzi umeisha leo, kwamba kivinjari kimepitwa na wakati. Fundi asiyejua chanzo hufuta Windows yote na kuiweka upya, mteja akalipa, na baada ya wiki mbili visanduku hurudi kwa sababu tovuti ni zilezile. Dalili iko wazi kwa anayeangalia: arifa ya namna hii hubeba jina la kivinjari na chini yake anwani ya tovuti iliyoituma. Tiba iko ndani ya kivinjari, kwenye mipangilio ya faragha na usalama, sehemu ya ruhusa za tovuti, ambako orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa hufutwa yote na maombi mapya kuzuiwa. Duka la huduma halina hasara yoyote kwa kufanya hivyo. Kurasa zinazojaa skrini nzima na kudai Chrome isasishwe nazo ni za uongo. Chrome hujisasisha yenyewe, na ikihitaji kufungwa na kufunguliwa tena huonyesha alama juu kulia, kwenye dirisha lake lenyewe. Faili la sasisho linalotolewa na ukurasa wa tovuti lisifunguliwe.

Tapeli akishaondolewa, kinachofuata ni bando. Kwenye Windows 10 na 11 mpangilio wenye faida kubwa kuliko yote umejificha katika sifa za mtandao wa Wi-Fi, palipoandikwa "Metered connection". Ukiwashwa, Windows huelewa kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo na huacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Wanaounganisha kompyuta kwa hotspoti mara nyingi hudhani kwamba mashine inajua kuwa iko kwenye simu. Kwa kawaida haijui: huiona hotspoti kuwa Wi-Fi kama nyingine. Mambo mawili huwaponyoka hata wanaoujua mpangilio huu. Kwanza, unashikamana na jina la mtandao, hivyo simu ikibadilishwa au hotspoti ikipewa jina jipya, kompyuta huanza tena kuvuta kwa uhuru. Pili, huzuia pia orodha mpya za virusi za Defender, ambazo ni ndogo kuliko masasisho ya mfumo na zinahitajika mno mahali penye flashi nyingi. Mwenye mashine hana budi kuzivuta kwa mkono ndani ya Windows Security, na ni vizuri afanye hivyo kila asubuhi kabla ya flashi ya kwanza kuchomekwa.

Kuna hali moja ambamo masasisho yaliyocheleweshwa hurudi kwa mkupuo. Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari ilidhoofisha intaneti karibu Tanzania nzima kwa siku kadhaa. Kompyuta iliyokaa bila mtandao, iwe kwa hitilafu kama hiyo au kwa kukosa bando, huanza kudai kila ilichokosa mara inapopata njia. Kwa hiyo mpangilio wa kipimo uwekwe kabla ya kurudi mtandaoni.

Duka lenye mashine kadhaa linaweza kupunguza mzigo kwa njia nyingine. Sehemu ya "Delivery Optimization" huruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawana vipande vya sasisho, ili mashine moja ikishapakua nyingine zichukue kwake. Mpangilio uishie kwenye mtandao wa ndani tu. Ukiruhusu kompyuta za intaneti nzima, bando la duka litatumika kuwapelekea watu wasiojulikana.

Kuwasha upya hudhibitiwa kwa mpangilio wa saa za kazi. Windows hukubali muda wa hadi saa 18, unaotosha duka linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na ndani ya muda huo haijizimi ili kumalizia sasisho. Kitufe cha "Pause updates" nacho huahirisha masasisho kwa wiki moja moja, na kwenye Windows 10 hadi siku 35. Kuahirisha wiki moja baada ya Jumanne ya viraka ni busara hata kwa mwenye bando la kutosha, kwa sababu sasisho lenyewe laweza kuwa bovu. Julai 19, 2024 sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa siku moja, na viwanja vya ndege na hospitali zikasimama. Sasisho hilo halikupita kwenye Windows Update, lakini linaonyesha hatari ya mashine zote kupokea kitu kipya kwa wakati mmoja.

Anayetaka visanduku vyenyewe vinyamaze anahitaji toleo la Pro. Mashine nyingi za mtumba zilizotoka ofisini zinalo, na ni faida ambayo wamiliki wake wengi hawaijui. Akifungua mhariri wa sera kwa kuandika gpedit.msc na kuingia kwenye sera za Windows Update, atapata uamuzi wa aina tatu. Sera ya "Configure Automatic Updates" ikiwekwa namba 2, mfumo huuliza kabla ya kupakua. Sera ya kuchagua toleo lengwa, ikiandikwa Windows 10 na 22H2, humaliza mialiko ya kuhamia Windows 11 na kuacha viraka vipite. Sera ya "Display options for update notifications" huzima arifa za sasisho, na ina ngazi mbili: moja huacha onyo la kuwasha upya, nyingine huliondoa pia. Ya kwanza inafaa zaidi, kwani kompyuta inayojizima bila onyo ni hatari kuliko inayosumbua. Wakati mwingine mashine ya mtumba huja na mipangilio hii imefungwa na maandishi kwamba inasimamiwa na taasisi. Hizo ni sera za mwenye zamani, na kuweka Windows upya kwa usafi kwa kawaida huziondoa. Toleo la Home halina mhariri huyo, kwa hiyo mwenye nalo hutegemea kipimo cha mtandao, saa za kazi na kuahirisha.

Mafundi wengi huchukua njia ya mkato: kuzima kabisa huduma ya Windows Update. Njia hii haidumu, kwa kuwa Windows 10 na 11 zina huduma nyingine ya kuitengeneza ile iliyozimwa, nayo huirudisha. Wanaoishinda kwa programu za kufunga masasisho huacha mashine bila kinga. Hali huwa mbaya zaidi Windows ikiwa ya wizi. Programu za kuiwezesha bila leseni kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kwanza ulinzi dhidi ya virusi, na hofu ya kugunduliwa humfanya afunge masasisho moja kwa moja, hivyo mlinzi na kiraka vyote viwili huondoka siku moja.

Nje ya Windows mambo ni mepesi. Mac ina swichi tofauti za kutafuta, kupakua na kusakinisha masasisho, na ile ya viraka vya usalama hubaki yenyewe hata nyingine zikizimwa. Ubuntu, katika dirisha la programu na masasisho, huruhusu kuchagua kuarifiwa matoleo ya muda mrefu tu, au kutoarifiwa toleo jipya kabisa, huku viraka vikiendelea kila siku. Utengano huo wa kiraka na toleo ndio mpangilio ambao kila mfumo ungepaswa kuwa nao wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

Sababu ya kuviacha viraka viendelee ilionekana Mei 12, 2017. Kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu lililokuwa limezibwa Machi 14 mwaka huo, siku 59 kabla, kikafunga mafaili na kudai fidia. Nchini Uingereza, ukaguzi wa serikali ulikuta kwamba taasisi za afya 81 kati ya 236 za England zilivurugwa, na kwamba zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyotiwa viraka au isiyohudumiwa tena. Steshenari si hospitali, lakini ndani ya diski yake mna nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na nywila za akaunti za mikopo za watu wasio na kompyuta yao wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde.

Kwa hiyo mashine iliyonyamazishwa inahitaji siku yake ya viraka, na hilo linawezekana bila kugusa bando la kazi. Masasisho ya Windows ya kila mwezi hubeba ndani yake ya miezi iliyotangulia, hivyo la mwisho pekee ndilo linalohitajika. Hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog, hutafutwa kwa namba yake inayoanza na herufi KB, na hupakuliwa kama faili la msu linalolingana na toleo na prosesa ya mashine. Mtu anayesafiri kwenda Lindi au Dar es Salaam penye intaneti ya ofisi anaweza kulipakua mara moja, kulibeba kwenye flashi safi na kulisakinisha kwenye mashine zote za duka baada ya kufunga, umeme ukiwa umetulia. Kwa Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, baadhi ya masasisho hudai faili la msingi lililotoka kabla yake. Catalog huyaonyesha yote mawili pamoja, nayo huwekwa kwenye folda moja kabla ya kusakinisha.